Kabla ya kununua diski ya laptopu, jua kwanza inaunganishwaje

Mtu akifika dukani akaomba "diski ya laptopu ya HP", muuzaji hawezi kumpa jibu la maana, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye mfuniko halisemi lolote kuhusu diski iliyo ndani. Chukua ThinkPad T450 na ThinkPad T480. Zinafanana kama mtu na mdogo wake, na kila moja ina sloti ndogo ya M.2 ya kadi yenye urefu wa milimita 42. Lakini sloti hiyo kwenye T450 inapokea diski ya SATA, na kwenye T480 inapokea ya NVMe, njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na bodi kuu ya mashine. Ukizichanganya, kadi inaingia vizuri, skrubu inakaza, unawasha mashine, na mashine haioni kitu.

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Wengi hutazama umbo tu, wakiona kinaingia wananunua. Umbo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni lugha ambayo bodi na diski zinaongea kupitia umbo hilo, na hiyo haionekani kwa macho. Juu ya hayo kuna urefu, unene, na swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya yote: je, hiyo diski inatoka, au imelehemiwa kwenye bodi?

Mashine ikiwa bado inawaka

Usikimbilie bisibisi. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows, andika PowerShell, ifungue, kisha andika amri hii:

Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType, Size

FriendlyName ni namba ya modeli ya diski. Inakili yote, herufi kwa herufi. MediaType hukuambia kama ni HDD ya sahani zinazozunguka au SSD, ya chipu zisizo na kitu kinachozunguka. BusType ndiyo tunayoitafuta. Ikiandika SATA au NVMe, umepata. Ikiandika SD au MMC, na ukubwa wake ni GB 32 au 64, basi hiyo ni eMMC, chipu iliyolehemiwa kwenye bodi, na hakuna diski ya kwenda kununua mahali pake. HP Stream 11 ni mfano wa laptopu za namna hiyo.

Kuna majibu mawili yanayochanganya. Ukiona RAID, haimaanishi una diski nyingi. Maana yake BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, imewekwa kwenye hali ya Intel RST au VMD, ambayo huficha kama diski ni SATA au NVMe. Ukiona ATA, huenda BIOS imewekwa kwenye hali ya kuigiza IDE, mfumo wa zamani wa kabla ya SATA, huku diski yenyewe ni SATA ya kawaida. Katika hali zote mbili tumia namba ya modeli kutafuta ukweli. Usiingie BIOS kubadilisha RAID kuwa AHCI, hali ya kawaida ya SATA, ili tu uone jina: Windows iliyowekwa kwenye hali ya kwanza mara nyingi hukataa kuwaka baada ya mabadiliko hayo, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, utaombwa ufunguo wa kuirejesha.

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaongeza jambo ambalo PowerShell haisemi. Tafuta mstari wa Transfer Mode. Utaona kitu kama SATA/300 | SATA/600. Upande wa kushoto ni kasi inayotumika sasa, upande wa kulia ni uwezo wa diski yenyewe. Kwa hiyo 300 | 600 maana yake diski inaweza zaidi lakini bodi imeizuia: sloti hiyo ni SATA II, kizazi cha pili cha SATA. Ukiona 300 | 300 hujajua chochote kuhusu bodi, kwa kuwa huenda diski ndiyo inayovuta mguu.

Kwenye Linux, au laptopu ambayo Windows yake imekufa ukaiwasha kwa flashi yenye Linux, amri ni hii:

lsblk -d -o NAME,MODEL,SIZE,ROTA,TRAN

Jina likianza na sda ni SATA, au ni USB, na TRAN itakutofautishia. Nvme0n1 ni NVMe. Mmcblk0 mara nyingi ni eMMC, ingawa hata kadi ya kumbukumbu ya kamera iliyoachwa kwenye tundu lake hupewa jina hilohilo, kwa hiyo itoe kwanza. ROTA ikiwa 1 ni sahani zinazozunguka, ikiwa 0 ni SSD. Kwa kasi ya SATA andika sudo dmesg | grep -i "sata link" na usome mwisho wa mstari: 1.5, 3.0 au 6.0 Gbps.

Kwenye Mac fungua System Information, kisha tazama SATA na NVMExpress. Chini ya SATA kuna Link Speed, ambayo ni uwezo wa bodi, na Negotiated Link Speed, ambayo ni kasi waliyokubaliana.

Yote haya yanaeleza diski iliyomo. Hayaelezi kila kitu ambacho sloti inaweza kupokea. Ukikuta M.2 ya SATA ndani, huenda sloti inapokea SATA pekee, na huenda inapokea zote mbili. Tutarudi hapo.

Kusoma namba ya modeli

Diski ikiwa imekufa, au umeletewa ikiwa imeshatolewa, lebo yake inatosha mara nyingi. Watengenezaji wameficha aina ya plagi ndani ya namba.

Seagate za zamani za inchi 2.5 huanza na ST9. Zikimalizikia na AS, kama ST9500325AS, ni SATA. Zikimalizikia na A peke yake ni IDE. Za baadaye hubeba LM au LT katikati, na LT, kama ST500LT012, ni nyembamba, milimita 7. Kwa Western Digital, herufi ya mwisho ya WD1600BEVE ni E, hiyo ni IDE, na ya WD5000BEVT ni T, hiyo ni SATA. WD10JPVX na WD10SPZX zote ni SATA za TB 1, ila ya kwanza ina unene wa milimita 9.5 na ya pili 7. Hitachi huweka AT00 mwishoni kwa IDE na SA00 kwa SATA, na tarakimu ya 7 au 9 katikati, kama kwenye HTS545050A7E380, ni unene. Toshiba MQ01ABD100 ni milimita 9.5, MQ01ABF050 ni 7.

Angalia sana Toshiba MQ01UBD100 na WD10JMVW. Hizi hutolewa ndani ya diski za nje za USB, na watu huzivunja maganda wakitarajia kupata diski ya laptopu kwa bei nafuu. Poti ya USB iko kwenye bodi ya diski yenyewe. Hakuna plagi ya SATA. Haziingii kwenye laptopu yoyote.

Kufungua

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Betri ikiwa ya nje itoe. Ikiwa ya ndani, chomoa plagi yake kwenye bodi mara tu mfuniko unapofunguka, kabla ya kugusa kitu kingine. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina chaguo ndani ya BIOS, chini ya Config kisha Power, linaloitwa Disable Built-in Battery, litumie. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli ukutoke. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa nafasi zake, maana urefu unatofautiana na skrubu ndefu ikiingizwa pa fupi hutoboa upande wa pili.

Kabla ya kuchomoa diski, piga picha. Picha hiyo itakuonyesha upande wa lebo, njia ya waya na mahali pa kila skrubu.

Diski ya inchi 2.5

Hili ni lile boksi bapa la chuma au plastiki, upana wa milimita 70 na urefu wa 100. Plagi yake ni moja kati ya mbili. IDE ina safu mbili za pini nyembamba zilizosimama kama meno ya kitana, jumla 44, na pembeni pini nyingine nne za jampa. Laptopu za kabla ya 2005 hivi ni za aina hii. HDD mpya za IDE za inchi 2.5 hazitengenezwi tena. Njia inayofanya kazi ni kununua mSATA pamoja na adapta ya pini 44, na kukumbuka kwamba BIOS nyingi za enzi hizo haziwezi kuona zaidi ya GB 137.

SATA haina pini za kusimama. Ina ndimi mbili za plastiki zenye vipande bapa vya dhahabu, kila moja ikiwa na kona ndogo kama herufi L: ulimi mfupi una vipande 7 vya data, mrefu una 15 vya umeme, na kati yao kuna nafasi tupu. Itazame vizuri hiyo nafasi. Ikiwa imezibwa na plastiki ili ndimi mbili ziwe kitu kimoja, umeshika SAS ya seva. Diski hizi zinauzwa sana kwa bei ya chini baada ya kutolewa kwenye seva, kwa mfano ST300MM0006, na kwa mbali ni ndugu wa SATA. Plagi ya laptopu haitaingia, na hata ungeilazimisha, bodi ya SATA haielewi SAS.

Wakati mwingine unachomoa diski na kukuta plagi usiyoitambua kabisa. Mara nyingi hiyo ni adapta ndogo iliyovikwa juu ya plagi halisi. Dell na HP za zamani zilikuwa nazo. Ishike kwa vidole pande zote mbili uivute taratibu bila kuipinda. Chini yake utakuta SATA au IDE ya kawaida. Itunze, pamoja na fremu ya chuma, raba za pembeni na skrubu nne, kwa sababu diski mpya haiji na vitu hivyo.

SATA I, II na III zinaingiliana. SSD ya SATA III kwenye bodi ya SATA II itafanya kazi, ila kasi itaishia karibu megabaiti 270 kwa sekunde badala ya 550. Bado inafaa kununua. HDD ya laptopu haifiki hata nusu ya hiyo.

Kinachobaki ni unene. Pima kwa rula, usikadirie. 7 inaingia kwenye nafasi ya 9.5 ukiweka fremu ya kujaza pengo, lakini 9.5 haiingii kwenye nafasi ya 7. ThinkPad X220 na X230 ni za milimita 7. HDD za inchi 2.5 za TB 3 na 4 huwa na milimita 15 na haziingii laptopu za kawaida, hata kama plagi ni SATA halali. SSD za inchi 2.5 za SATA karibu zote ni 7, ndiyo maana kwa SSD tatizo la unene ni dogo.

mSATA

Kadi tupu isiyo na ganda, milimita 30 kwa 51 hivi, inayoshikwa na skrubu mbili. Ilitumika sana kati ya 2011 na 2014. Sloti yake haina tofauti ya umbo na sloti ya mini PCIe ya Wi-Fi au modemu, na bodi nyingi hazina nyaya za SATA kwenye sloti hiyo. ThinkPad T420 na X220 zinazo, kwa kasi ya SATA II, kwenye sloti ya modemu. Laptopu nyingine yenye sloti inayofanana kabisa huenda haina. Hapa hakuna kukisia. Ni mwongozo wa matengenezo pekee unaotoa jibu.

M.2, penye utata mwingi

M.2 ni kadi nyembamba yenye upana wa milimita 22. Namba nne kwenye jina ni vipimo: 2280 ni upana 22 na urefu 80, kuna pia 2230, 2242, 2260 na 22110. Urefu umeandikwa kwenye kadi au unaupima. Kadi ya 2280 haiingii penye 2242. Kadi fupi kwenye nafasi ndefu inawezekana tu kama bodi ina tundu la skrubu kwa urefu huo, au ukiongeza kipande cha kurefusha.

Sasa tazama meno ya dhahabu. Kati yake kuna pengo. Hesabu meno madogo yaliyotengwa na pengo hilo: yakiwa 5 ni pengo la M, yakiwa 6 ni pengo la B. Kadi nyingi zina mapengo yote mawili, moja kila upande, nazo huitwa B+M. Sloti nayo ina ulimi wa plastiki mahali pa pengo. Sloti ya M inapokea kadi ya M na ya B+M. Sloti ya B inapokea ya B na ya B+M.

Watu huambiana kwamba mapengo mawili ni SATA na pengo moja ni NVMe. Si kanuni ya kuaminika. Ni kweli kwamba M.2 za SATA karibu zote zina mapengo mawili, na kadi zenye pengo la M peke yake karibu zote ni za PCIe, njia ya kasi ambayo NVMe hupitia. Lakini WD SN520 ina mapengo mawili na ni NVMe kamili, inayotumia njia mbili za PCIe. Kadi ya namna hiyo ndiyo inayofaa kwenye ile sloti ya 2242 ya T480. Na kuna Samsung XP941, ambayo ni ya PCIe lakini inaongea AHCI, si NVMe. Soma modeli, usihesabu mapengo ukaishia hapo.

Upande wa sloti ni mgumu zaidi. Sloti ya M inaweza kuwa ya SATA tu, ya PCIe tu, au zote, na kwa macho ziko sawa. Maandishi kwenye bodi yanasaidia kidogo: SSD au NGFF kando ya sloti yanakuonyesha kwamba ni ya diski, WLAN ni ya Wi-Fi, na waya mbili nyembamba za antena zilizochomekwa kwenye kadi zinathibitisha hilo. NGFF ni jina la zamani la M.2, na wauzaji wengi siku hizi hulitumia kumaanisha M.2 ya SATA, kwa hiyo ukiliona kwenye tangazo uliza tena.

Njia ya uhakika ni mwongozo wa mtengenezaji. Pindua laptopu: kwa Lenovo tafuta herufi na namba nne za Machine Type, kama 20L5 kwa T480, kwa Dell chukua Service Tag ya herufi saba, kwa HP namba ya bidhaa. Pakua bure mwongozo unaoitwa Hardware Maintenance Manual kwa Lenovo, Maintenance and Service Guide kwa HP, au Service Manual kwa Dell. Humo tafuta neno M.2 na usome orodha ya diski zilizouzwa na modeli hiyo. Ukikuta zote mbili, PCIe NVMe na SATA, kwa sloti ileile, sloti inapokea zote. Ukikuta SATA peke yake, chukulia kwamba NVMe haitafanya kazi.

Mwongozo huo huweza kukupa habari njema pia. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina nafasi ya inchi 2.5 na sloti ya M.2 2280 inayopokea NVMe. Mwenye HDD ndani yake hana haja ya kuitoa. Anaongeza NVMe ya mfumo, na HDD inabaki ya mafaili.

Mambo matatu zaidi kuhusu NVMe. Kizazi cha PCIe kinarudi nyuma bila shida: kadi ya Gen4 kwenye sloti ya Gen3 inafanya kazi kwa kasi ya Gen3, kwa hiyo usilipie ziada ambayo bodi haiwezi kuitumia. Kadi zenye chipu pande zote mbili hugusa bodi kwenye laptopu nyembamba, basi chagua ya upande mmoja. Na BIOS za zamani zinaweza zisijue kuwasha mashine kutoka NVMe: diski inaonekana ndani ya Windows lakini haiwaki yenyewe. NVMe inataka UEFI, namna mpya ya kuwasha mashine. Ikiwa BIOS iko kwenye Legacy, namna ya zamani, ibadilishe kwanza kisha uweke mfumo upya.

MacBook

MacBook Pro za unibody (ganda la kipande kimoja cha alumini) hadi ile ya 2012 zinatumia SATA ya inchi 2.5 ya kawaida. MacBook Air za mwishoni mwa 2010 hadi 2017 zina kadi inayofanana na M.2 lakini meno yake ni ya Apple peke yake, na ya 2012 haiingii kwenye ya 2013. Air za 2013 hadi 2017 zinaweza kutumia NVMe ya kawaida kwa adapta, mradi macOS iwe High Sierra au ya baadaye. MacBook zenye chipu za M1 na kuendelea hazina diski ya kutoa.

Ukifika dukani

Sema kwa ukamilifu: "Nataka SSD ya M.2, 2280, NVMe, Gen3, ya upande mmoja," au "SATA ya inchi 2.5, unene milimita 7." Muuzaji akikujibu kwamba zote ni sawa, onyesha picha ya diski yako na modeli yake. Soma lebo ya kadi mwenyewe kabla boksi halijafunguliwa. Neno NVMe au PCIe, au SATA, lazima liwepo. Kama duka lina boksi la USB la kujaribia, kumbuka kwamba boksi la M.2 la SATA halisomi NVMe, na kinyume chake, kwa hiyo diski isiyoonekana hapo si lazima iwe mbovu.

Uliza pia kama unapewa skrubu ya M.2. Ni ndogo sana, M2 ya milimita 3 hivi, na laptopu ambazo hazikuuzwa na M.2 mara nyingi hazina. Kadi huingizwa kwa mwinamo wa kama nyuzi 30, ikasukumwa hadi meno ya dhahabu yakaribie kupotea, ndipo ikalazwa na kukazwa. Ikiachwa bila skrubu hunyanyuka yenyewe, na mashine ikitikiswa diski hupotea katikati ya kazi.